Vifaa vya kumwachisha mtoto nepi: kipi kinasaidia, kipi kinachelewesha

Poti nzuri ni ile ambayo mtoto akiikalia, nyayo zote mbili zinakanyaga sakafu na magoti yanakuwa juu kidogo ya nyonga. Rangi, muziki na masikio ya sungura vimewekwa kumvutia anayelipa, si anayekaa. Tunaanza na hilo kwa sababu vifaa hivi vyote vinauzwa kwa ahadi moja, kwamba vitaharakisha kazi, na kwa maoni yetu hakuna hata kimoja kinachoharakisha. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume: kifaa kibaya, au kizuri kilicholetwa mapema mno, kinamrudisha mtoto nyuma wiki kadhaa. Kwa hiyo hapa tunakiuliza kila kifaa swali moja tu: kikikosewa, kinamchelewesha mtoto kwa njia gani?

Kabla ya kununua chochote

Umri peke yake hauamui. Watoto wengi huonyesha dalili za kuwa tayari kati ya miezi 18 na 30, na wengi wao huachana na nepi za mchana wakiwa kati ya miaka 2 na 3 na nusu. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha mwaka 1962 kumbukumbu za watoto 1,170 ambao wazazi wao walishauriwa wasianze mpaka mtoto mwenyewe aonyeshe dalili. Kwa wastani walikauka mchana wakiwa na miezi 28.5, maana yake wengine wengi tu, wazima kabisa, walichukua muda zaidi ya huo. Anayekuambia kwamba wa kwake alimaliza akiwa na mwaka mmoja na nusu mara nyingi anaeleza mzazi aliyejifunza kumuwahi mtoto. Si jambo baya hata kidogo, ila ni tofauti na mtoto anayeihisi haja na kujipeleka.

Dalili zenye uzito ni chache. Mtoto anakaa mkavu saa 2 mfululizo, au anaamka mkavu baada ya usingizi wa mchana: kibofu kimeanza kutunza mkojo badala ya kuuachia kidogo kidogo. Anaelewa agizo lenye hatua mbili, kama "chukua kiatu, ulete hapa". Anaweza kushusha suruali yenye mpira kiunoni bila msaada. Na ile tunayoipa uzito kuliko zote: anakwenda kujificha nyuma ya pazia au pembeni ya kochi anapotaka kupata haja kubwa. Watu wazima hucheka, lakini mtoto huyo anaonyesha kwamba anaihisi haja kabla haijatoka, anaweza kuizuia dakika moja au mbili, na anajua kwamba jambo hili lina faragha yake. Hapo poti ina kazi ya kufanya.

Kuna nyakati za kutonunua. Mdogo wake amezaliwa wiki hii, familia inahama nyumba, mtoto ametoka kuugua. Na kuna wakati ambao karibu kila mtu huusahau, nao ni pale choo cha mtoto kinapokuwa kigumu kama cha mbuzi. Ukimweka kwenye poti mpya siku hizo, maumivu yote yatahesabiwa kuwa ya poti. Lainisha choo kwanza, zipite angalau wiki 2 bila kilio, ndipo ulete kifaa.

Hesabu moja ya kubeba kichwani: madaktari hukadiria ujazo wa kibofu cha mtoto kwa kuchukua umri wake, kuongeza 1, kisha kuzidisha kwa 30. Jibu ni mililita. Wa miaka 2 anapata karibu 90, wa miaka 5 karibu 180. Itatumika hapa chini kupimia bakuli na chupi.

Poti

Ziko za aina mbili: ya kipande kimoja cha plastiki kisicho na mshono, na kiti chenye mgongo na bakuli linalotolewa. Ya kwanza inaonekana duni mbele ya ya pili, lakini ndiyo tunayoipendekeza kwa watoto wengi. Sababu ni mkojo. Kwenye ile ya vipande viwili, mkojo hupenya kati ya ukingo wa bakuli na kiti, hukauka chini ambako kitambaa hakifiki, na baada ya wiki mbili chumba kinanuka hata poti ikiwa tupu. Kama bado unakitaka kiti, toa bakuli ukigeuze kichwa chini. Ukiona upande wa chini umejaa mbavu za plastiki na vishimo, kiache. Kinachofaa ni laini pande zote, na mdomo wa bakuli lake umelalia juu ya tundu kabisa, haukuishia ndani yake. Bakuli linalovutwa kama droo tusilizungumzie, hilo humwaga.

Kipimo cha kimo hakihitaji fundi. Mketishe mtoto akiwa peku, pima kwa utepe kutoka nyuma ya goti hadi kisigino. Ukipata sentimita 22, tafuta poti yenye sentimita 18 hadi 20 kutoka sakafuni hadi ukingo wa kukalia. Ikizidi 22, miguu itaning'inia au atakanyaga kwa ncha za vidole, na misuli ya chini ya nyonga itakaza badala ya kulegea. Mkojo utatoka nusu, haja kubwa haitatoka kabisa, na mtu mzima atasema mtoto ni mkaidi. Ikiwa fupi mno, mtoto huyo huyo atakaa vizuri, ila kunyanyuka kutamshinda mpaka ashike ukingo, na akiushika ataipindua pamoja na vilivyomo.

Dukani, ibonyeze kwa kiganja kwenye ukingo wa mbele. Watoto hawatui katikati ya poti; huja kinyumenyume na kutua ukingoni. Upande wa nyuma ukinyanyuka kwa nguvu ya mkono wako mmoja, utanyanyuka pia kwa uzito wa mtoto, na aliyeanguka na poti mara moja hakumbuki kingine. Kitako kiwe kipana kuliko mdomo, na chini kuwe na ukanda wa mpira wa kuzuia kuteleza.

Kisha ule mwinuko wa mbele unaozuia mkojo wa mvulana usiruke nje. Zile kinga ndefu za kuchomeka ndizo zinazosifiwa zaidi kwenye boksi, na ndizo mbaya zaidi. Mvulana akikaa kwa haraka hujikwaruza nayo pale pasipofaa kabisa kukwaruzwa, na kuanzia siku hiyo anaikimbia poti. Unaofaa ni mwinuko mfupi wa mviringo uliofinyangwa pamoja na poti yenyewe. Kazi iliyobaki inafanywa na mkao: apanue magoti, ainame mbele kidogo, aelekeze chini. Kukojoa akiwa amesimama kungoje mpaka haja kubwa izoeleke, maana watoto wengi hugundua haja kubwa imefika wakiwa wamekaa kwa ajili ya ndogo.

Jaribio la mwisho ni la maji. Mimina mililita 100, yaani kibofu kizima cha mtoto wa miaka 2 na ziada kidogo, kisha nyanyua bakuli kwa mkono mmoja na utembee nalo hatua kumi. Kama limeng'ang'ania kwenye kiti na kutoka kwa mshtuko, maji yako mguuni kwako sasa hivi. Kumbuka pia kwamba mtoto mwenyewe atataka kulibeba, kwa fahari.

Poti za muziki hatuzipendekezi. Kihisi chake kinaguswa na majimaji, wimbo unalipuka, na mtoto aliyeshtuka anabana mkojo katikati. Asiyeshtuka hachukui siku nyingi kugundua kwamba kikombe cha maji kinaleta wimbo uleule. Betri nazo zimewekwa karibu na mkojo, ambao una chumvi, na vishikizo vyake huota kutu.

Badala ya kiti kimoja cha kifalme, nunua poti mbili za kawaida: moja chooni, nyingine karibu na anapochezea. Siku za mwanzo, kati ya "nataka" na "nimeshakojoa" kuna sekunde chache tu.

Kuhusu usafi: mwaga chooni, suuza, osha kwa sabuni, anika. Dawa ya klorini inatosha mara moja kwa siku au baada ya kuhara, na poti iwe imeshasuuzwa kwanza. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha hilo si la mzaha.

Kiti cha kupachika na kigoda chake

Hiki ni kiti kidogo kinachowekwa juu ya choo cha kukaa ili tundu lilingane na makalio ya mtoto. Hakuna bakuli la kumwaga, na hakuna siku ya kumhamisha mtoto kutoka kwenye poti. Kasoro yake ni urefu, ndiyo maana tunakihesabu kuwa nusu ya kifaa. Nusu ya pili ni kigoda, na hiyo ndiyo watu huinunua bila kupima.

Choo cha kukaa kina kimo cha karibu sentimita 40, na kiti cha kupachika kinaongeza 2 hivi. Mtoto wetu wa sentimita 22 anahitaji kigoda cha sentimita 20 ili akanyage, na cha 22 hadi 24 ili magoti yapande juu ya nyonga. Kigoda cha sentimita 12 kinamsaidia kupanda, lakini akishakaa miguu iko hewani palepale. Kupanda na kukanyaga ni kazi mbili tofauti, na kigoda cha ngazi mbili hufanya zote: cha chini cha kupandia, cha juu cha kuwekea nyayo. Upana wake usipungue sentimita 30, ili nyayo zikae zimeachana. Kigoda chembamba hukutanisha magoti, na magoti yaliyokutana ni mkao wa kubana.

Pima tundu la choo chako kwa ndani, upana na urefu, kabla ya kwenda dukani. Tundu la duara na la yai havivai kiti kimoja. Chini ya kiti kuwe na vikono vya kurekebisha. Ukishakipachika, jaribu kukizungusha. Kikicheza zaidi ya upana wa kidole, mtoto atajishikilia kwa mikono miwili, na anayejishikilia hawezi kulegeza chochote. Viti vya sponji vilivyofunikwa kwa plastiki laini ni vizuri mpaka plastiki ipasuke; baada ya hapo sponji hunywa mkojo na haioshwi ikatakata. Plastiki ngumu inatosha. Vishikio vya pembeni vina faida kwa mtoto ambaye mizani yake ya mwili bado haijakaa sawa.

Vile vilivyounganishwa na ngazi ya kukunja vina kimo kizuri cha kukanyagia, mradi kidato kinarekebishika. Udhaifu wake ni wa kibinadamu: kila mtu mzima anayeingia analazimika kuiondoa ngazi, na baada ya wiki hakuna anayeirudisha. Mtoto anafika, haioni, anakojoa pale pale.

Asishtuliwe na mngurumo wa maji. Usiflashi akiwa amekaa. Ashuke, avae, kisha aflashi mwenyewe au atoke nje kwanza. Kwenye vyoo vinavyojiflashi, bandika kipande cha karatasi juu ya kihisi kabla hajakaa, ukitoe akishashuka.

Kwenye choo cha kuchuchumaa, mkao tayari ndio huu tunaouhangaikia kwa kigoda. Kinachomshinda mtoto ni upana wa tundu na utelezi. Aanzie kwenye poti, avuke pale anapoweza kuchuchumaa dakika mbili, visigino vikiwa chini, bila kushikwa.

Chupi za mazoezi, na nepi zinazojifanya chupi

Chupi ya mazoezi ni ya kitambaa, yenye tabaka kadhaa za pamba katikati. Haikuumbwa izuie kila kitu. Kazi yake ni kupunguza kinachofika sakafuni huku mtoto akihisi ubichi. Mimina ndani yake mililita 50 za maji polepole, zaidi kidogo ya nusu ya kibofu cha mtoto wa miaka 2. Isivuje papo hapo, ila ukigusa kwa ndani vidole vilowe. Kama ndani panabaki pakavu, umeshika nepi ya kufua. Mpira wa kiuno uwe wa kushushwa kwa vidole gumba viwili. Tumeona ajali nyingi zikilaumiwa kibofu ilhali kosa lilikuwa la kifungo na zipu. Kwa wiki ya kwanza hesabu chupi 8 hadi 10, la sivyo utaishia kurudisha nepi kwa sababu tu zote zimeanikwa.

Nepi za kuvuta zinavaliwa kama chupi na kufanya kazi kama nepi. Ndani yake kuna chembechembe zinazogeuza mkojo kuwa jeli, mtoto hahisi kitu, na asichokihisi hawezi kujifunza kukizuia. Zinafaa safarini na usiku. Mchana nyumbani zinachelewesha, na kibaya zaidi ni kuchanganya: chupi asubuhi, nepi ya kuvuta mchana kwa sababu kuna mgeni, chupi tena jioni. Chagua kanuni ambayo mtoto anaweza kuielewa, kwa mfano: macho wazi chupi, usingizini nepi.

Poti ya safari inayokunjwa ni kifaa kizuri ikiwa miguu yake inajifunga kwa sauti ya "ta!" na haikunjiki ukiisukuma kutoka pembeni. Mfuko wa ndani uwe na pedi ya kunyonya. Basi.

Chati ya stika inafanya kazi kama stika inalipa kile ambacho mtoto anakitawala: kukaa, kushusha chupi, kusema. Ukilipa mkojo wenyewe, unamlipa kwa kitu ambacho bado hakiji kwa amri. Usiibandue stika kama adhabu. Saa za mkononi zinazotikisika kila nusu saa hatuzioni kuwa na maana kwa mtoto wa miaka 2, kwa sababu zinamfundisha kusikiliza saa badala ya kibofu. Kwa wa miaka 4 au 5 anayesahau kwa sababu ya mchezo, zikiwekwa kila saa 2, zinasaidia.

Saa ya bure kuliko zote ni tumbo lenyewe. Chakula kikiingia, utumbo mpana husukuma. Mketishe dakika 15 hadi 30 baada ya kula, kwa dakika 3 hadi 5, hata asipotoa kitu. Dakika 20 kwenye poti huku akitazama katuni ni kukaa tu.

Ikichelewa

Kama umejaribu wiki 2 na kila kukaa ni vita, irudishe poti kabatini mwezi mmoja hadi mitatu. Mrudishie nepi bila hotuba. Kabla ya kulaumu umri au tabia, angalia choo chake.

Chombo bora cha kuangalizia, na cha bei ndogo kuliko vyote hapa, ni chati iliyotungwa mjini Bristol, Uingereza, inayopanga choo katika aina 7, kuanzia vigololi vigumu hadi maji matupu. Unatafuta aina ya 4: laini, kirefu, kisicho na nyufa. Aina ya 1 na ya 2 maana yake mtoto amefunga choo, hata kama anapata haja kila siku. Ichapishe, ibandike chooni, uandike namba wiki nzima.

Mzunguko wake ni huu. Choo kigumu kinauma, mtoto anabana. Kilichobanwa kinaendelea kunyonywa maji na utumbo, kinazidi kukauka, na kikija kutoka kinauma zaidi. Mtoto anayebana husimama kwa ncha za vidole, hukaza makalio, huvuka miguu, uso unamtoka jasho. Wanaomtazama hudhani anasukuma, kumbe anazuia. Hali ikidumu, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka na kupoteza hisia. Choo chepesi hupita pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi bila mwenyewe kujua, na hapo wengine humpa dawa ya kuzuia kuhara, yaani wanaongeza kuni motoni. Utumbo uliojaa hukiminya pia kibofu, na mtoto anaanza kukojoa kila baada ya dakika chache. Daktari huandika dawa ya kulainisha, kama makrogoli au laktulosi: kwanza ya kuondoa mlundikano, kisha dozi ya kila siku kwa miezi. Kosa kubwa ni kuiacha mara tu choo kinapokuwa kizuri. Utumbo uliotanuka haurudi kwenye upana wake kwa wiki mbili. Maji na vyakula vyenye nyuzinyuzi vinasaidia. Maziwa yakizidi nusu lita hivi kwa siku hujaza tumbo na kuvifukuza.

Kuna mtoto anayekojoa potini vizuri lakini akitaka haja kubwa anadai nepi. Mpe. Ukimnyima atabana, na unaujua mzunguko. Kisha msogeze hatua moja kila baada ya siku kadhaa. Kwanza nepi ileile, ila haja aipatie chooni akiwa amesimama. Halafu amekaa kwenye poti na nepi yake. Halafu nepi imelegezwa. Halafu nepi iliyokatwa tundu kwa chini: anza na tundu la ukubwa wa sarafu, ulizungushie mkanda wa gundi kwa ndani na nje ili zile chembechembe za jeli zisimwagike, na kila mara ulipanue kidogo, mpaka mtoto anabaki amevaa mshipi tu wa nepi kiunoni na kila kitu kinaangukia potini. Inaonekana kichekesho, lakini inamwachia mtoto kitu alichokizoea mwilini huku kazi yenyewe ikihama.

Aliyekuwa mkavu miezi 6 kisha akarudi nyuma, mtafutie sababu: maambukizi ya njia ya mkojo, kufunga choo, badiliko nyumbani au shuleni. Akiwa na kiu isiyokatika na anapungua uzito, apelekwe siku hiyo hiyo akapimwe kisukari. Mkojo unaodondoka muda wote bila kukauka, damu, mkondo dhaifu, au miguu iliyoanza kulegea havingojei.

Mtoto aliyetimiza miaka 4 na bado hajakauka mchana anastahili kuonwa na daktari, na huduma hiyo nayo tuna vigezo vyake. Nenda na kumbukumbu: siku 2 za mkojo, saa na mililita kwa jagi lililotengwa kwa kazi hiyo pamoja na vinywaji vyote, na siku 7 za choo kwa namba za ile chati. Daktari mzuri ataulizia choo kabla ya mkojo, ataligusa tumbo, ataangalia chini ya uti wa mgongo kama kuna kishimo kirefu, shada la nywele au uvimbe, ataitazama miguu, atapima mkojo. Ukiambiwa "atakua tu" bila tumbo kuguswa, huduma haijakamilika, omba ikamilishwe.

Watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo au sindromu ya Down mara nyingi huchukua muda mrefu zaidi, na kwao fedha ya kifaa inatumika vizuri: kiti chenye mgongo mrefu, mikono ya pembeni na mkanda, pamoja na picha za hatua zilizobandikwa kwenye usawa wa macho ya mtoto. Picha moja kwa hatua moja, kuanzia kushusha chupi hadi kunawa.

Usiku

Kukauka usiku ni jambo la mwili kukomaa, na poti haihusiki. Kati ya watoto 100 wa miaka 5, karibu 15 bado hukojoa kitandani, na mara nyingi mzazi mmoja naye alikuwa kikojozi. Kabla ya umri huo nunua mpira wa godoro tu, tena miwili. Tandika mpira, shuka, juu yake mpira mwingine na shuka nyingine. Saa nane usiku unavua tabaka la juu na mtoto anarudi kulala.

Baada ya miaka 5, na zaidi kuanzia 6 au 7 mtoto mwenyewe akitaka, kuna kengele. Wazo si jipya: O. Hobart Mowrer na Willie Mae Mowrer walilichapisha mwaka 1938. Kihisi hukaa kwenye chupi, matone ya kwanza yakikigusa kengele inalia begani. Kati ya watoto 3 wanaoitumia ipasavyo, takriban 2 hukauka wakiwa nayo. Chagua yenye sauti na mtikisiko pamoja. Ya waya ni imara, ila waya upite ndani ya fulana usimzunguke shingoni. Kabla ya usiku wa kwanza, jaribu kihisi kwa kitambaa chenye jasho, kisha kwa kilichochovywa maji yenye chumvi. Kikilia kwa cha jasho, kirudishe dukani.

Wengi huirudisha kwa sababu nyingine, wakisema mtoto haisikii. Ni kweli, wiki 2 au 3 za mwanzo haisikii. Nyumba nzima inaamka isipokuwa yeye. Mzazi ndiye wa kumwamsha hadi macho yafunguke, asimame, azime kengele kwa mkono wake mwenyewe, amalizie chooni, avae chupi kavu, aiwashe tena. Akizimiwa na kubadilishwa akiwa usingizini, ubongo hauunganishi kitu. Maendeleo ya kwanza si usiku mkavu: ni doa dogo badala ya ziwa, au kengele inayolia saa kumi badala ya saa sita. Kama baada ya wiki 4 hadi 6 hata hayo hayapo, ipumzishe miezi michache. Yakiwapo, endelea hadi usiku 14 mfululizo uwe mkavu, kazi ambayo kwa kawaida huchukua wiki 8 hadi 16. Akirudia kulowesha baadaye, mvalishe tena. Safari ya pili huwa fupi zaidi.